Rais Usiyekubaliana Naye: Je, Unadaiwa Heshima?

Juzi baada ya swala ya isha, barazani petu Mji wa Kale, kijana wa ndugu yangu alitamka neno juu ya rais. Neno lenyewe sitaliandika hapa. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa akaweka kikombe chini, akamwambia, "Mwanangu, huyo ni mkubwa wa nchi. Tia adabu."

Kijana hakunyamaza. "Mzee wangu, nikimheshimu ndipo bei ya unga itashuka?"

Baraza likagawanyika papo hapo. Wengine walisema vijana wa leo hawana malezi. Wengine walisema wazee ndio waliotufikisha hapa kwa kunyamaza. Kahawa ikapoa, na watu wakaondoka bila kuagana vizuri.

Njiani kurudi nyumbani kijana akaniuliza, "Ami, na wewe waniona sina adabu?" Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule. Huyu ni kijana aliyemaliza chuo, hana kazi, na Juni 2024 alirudi nyumbani macho mekundu kwa vitoza machozi. Kwake yeye, mtu akisema "heshima" masikio yake husikia "nyamaza". Nimekaa nikalifikiria swali lake, na haya ndiyo niliyoyapata.

Neno moja, mambo matatu

Naona tunagombana kwa sababu neno heshima tumelibebesha mizigo mitatu kwa pamoja.

Mzigo wa kwanza ni adabu, yaani namna unavyomtaja mtu na unavyozungumza naye. Wa pili ni kutii sheria: kulipa kodi iliyopitishwa kihalali, kukubali uamuzi wa mahakama, kutochoma mali ya watu. Wa tatu ni kukubali, yaani kuridhika na anayoyafanya kiongozi na kumsifu kwayo.

Wakubwa wanapodai heshima, mara nyingi wanachotaka ni huo mzigo wa tatu. Na vijana wanapokataa heshima, mara nyingi wanachokataa ni huo huo, lakini wanautupa pamoja na ule wa kwanza. Ukiitenganisha, ugomvi mwingi waisha. Mtu aweza kuwa na adabu, akatii sheria, na bado akasema waziwazi kwamba rais amekosea.

Mfano tunao. Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa urais, Rais Uhuru Kenyatta alisema hakubaliani na uamuzi ule lakini anauheshimu. Hapo alitenganisha mambo vizuri kabisa. Halafu haukupita muda akasimama mbele ya wafuasi wake akawaita majaji wale wakora. Basi mtu mmoja alitufundisha somo akalivunja mwenyewe. Tusidhani basi kwamba kukosa adabu ni ugonjwa wa vijana peke yao.

Sheria yasemaje

Wengi hudhani kumtukana rais ni kosa lenye kifungu chake maalum. Tuanze na Katiba ya 2010. Kifungu cha 1 chasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 3 chamtaka kila mtu aiheshimu Katiba, aitunze na aitetee. Angalia vizuri: kinachoheshimiwa hapo ni Katiba. Kifungu cha 131 chamfanya rais kuwa kiongozi wa taifa na wa serikali, amiri jeshi mkuu, na ishara ya umoja wa kitaifa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwananchi lazima ampende au akubaliane naye.

Kinachoshangaza ni Kifungu cha 73. Hicho chazungumzia heshima, lakini chamwelekea kiongozi. Chasema madaraka ni amana, na yatumike kwa namna inayoonyesha heshima kwa wananchi, inayoliletea taifa heshima na kukipa cheo hadhi. Kwa hivyo mdaiwa wa kwanza wa heshima, kwa maandishi, ni mwenye cheo mwenyewe.

Kifungu cha 33 chatupa uhuru wa kujieleza, na Kifungu cha 37 chatupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa amani, bila silaha. Uhuru huo una mipaka: haujumuishi kuchochea vita wala ghasia, wala maneno ya chuki, na yakupasa uchunge haki na jina la mwenzako. Kutishia kumuua mtu ni kosa, awe rais awe muuza samaki.

Zamani Kanuni ya Adhabu ilikuwa na kifungu cha 132, kilichofanya kuwa jinai kudunisha mamlaka ya afisa wa umma. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka huo huo mahakama hiyo iliondoa pia jinai ya kumharibia mtu jina. Aliyechafuliwa jina bado aweza kudai fidia, lakini si kumtia mwenzake jela. Hata hivyo tusidanganyike kwamba njia imekuwa nyeupe. Tangu 2018 kuna sheria ya uhalifu wa mtandaoni, na baadhi ya vijana wameshtakiwa kwayo kwa walichochapisha kumhusu rais.

Heshima na hofu hufanana

Marehemu baba alikuwa na duka. Ukutani, juu ya mizani, palitundikwa picha ya rais, na kila sarafu iliyoingia mtotoni mwa meza ilikuwa na sura ya rais. Nikiwa mdogo niliuliza kwa nini picha ile haifutwi vumbi kama vitu vingine, mbona yafutwa kila siku. Baba akaweka kidole mdomoni. Wakati huo mtu akitaka kulitaja jina la rais hutazama nyuma kwanza.

Mgeni akiingia dukani angesema, watu hawa wamheshimu sana kiongozi wao. Lakini mimi nalijua lililokuwa moyoni mwa baba, na halikuwa heshima. Ilikuwa hofu. Ukitazama kutoka nje, viwili hivi hufanana. Ukiviishi, wajua tofauti.

Pwani yetu yakumbuka bei ya hofu ile. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi akakiita Kenya: Twendapi? Lilikuwa swali. Alifungwa miaka mitatu kwa kosa la uchochezi. Huko gerezani aliandika mashairi yaliyokuja kuchapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikashinda tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Nchi ilimfunga kwa mkono mmoja ikamtuza kwa mwingine.

Nawakumbusha wazee wenzangu jambo hili kwa sababu moja. Abdilatif hakufungwa kwa utovu wa adabu. Alifungwa kwa kutokubaliana. Tukiwafundisha watoto kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja, twairudia hukumu ile kwa vinywa vyetu.

Sheria za uchochezi ziliondolewa mwaka 1997. Katiba ya 2010, Kifungu cha 231, ikakataza pesa zetu kubeba sura ya mtu yeyote. Ndiyo maana sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Wengine waliona ni jambo dogo. Mimi niliposhika shilingi ya kwanza yenye twiga nilimkumbuka baba.

Basi kwa nini adabu?

Hapa kijana atasema, "Haya ami, umekubali maneno yangu." Sijayakubali yote.

Kwanza, kiti ni chetu. Anayekikalia leo ataondoka, na mwingine atakuja. Tukikizoesha kiti matusi, hata yule tutakayempenda kesho atakikuta kimechafuka.

Pili, tusi humwokoa kiongozi na swali. Mei 2025, rais alipokuwa akihutubia huko Migori, alirushiwa kiatu. Watu walikizungumzia kiatu kuliko lililomkera aliyekirusha. Hata barazani petu ndivyo ilivyokuwa. Kijana aliuliza juu ya bei ya unga, swali ambalo kila mwenye nyumba pale angeliunga mkono. Lakini neno lilitangulia swali, na baraza zima likajadili neno. Unga haukujadiliwa tena.

Tatu, tusi halitulii lilipotupwa. Huanza kwa rais, likaenda kwa mamake, likaenda kwa kabila lake, likamfikia jirani yako ambaye hata hakumpigia kura. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa katika nchi hii. Mapanga yalitanguliwa na maneno.

Na wale wasomao Qur'ani wakumbuke kisa katika Surat Twaha. Musa na Harun walipotumwa kwa Firauni, mtawala aliyevuka mipaka, waliambiwa waseme naye kwa maneno laini. Ulaini ule haukupunguza ujumbe. Walimtaka awaache Wana wa Israili watoke nao, na hawakumwacha mpaka mwisho.

Kwa hivyo mimi nina kipimo changu kidogo. Kabla sijasema juu ya mkubwa, najiuliza: neno langu laelekea tendo, au laelekea mwili wake, mamake na kabila lake? Vijana walipomwita Rais Ruto "Zakayo", jina la mtoza ushuru katika Biblia, wazee wengi walikunja uso. Mimi sikuona tusi hapo. Jina lile lilielekea kodi, na kodi ni tendo. Kejeli ya namna hiyo watu wa pwani waijua tangu zamani. Ni nani asiyejua fumbo la kibarazani? Lakini kumchora mtu maiti, au kumtaja mzazi wake, hakumfundishi lolote wala hakupunguzi kodi.

Makosa hayalingani uzito

Niliyosema yatamfurahisha mzee wa kahawa. Sasa naye asikilize.

Wahenga walisema mkubwa ni jaa. Kila taka hutupwa kwake, na yampasa kuvumilia. Mtu aliyeomba kura kwa mdomo wake, akapewa walinzi, magari na majeshi, hawezi kulia kama yatima kwa neno la kijana asiye na kazi. Neno chafu ni aibu kwa aliyelisema. Mkono wa dola ni kitu kingine. Juni 2025 mwalimu kijana alikamatwa kwa alichodaiwa kuchapisha kumhusu afisa mkuu wa polisi, akafia kizuizini Nairobi. Tukikaa barazani tukapima makosa haya mawili kwa mizani moja, mizani yetu ina kasoro.

Na adabu isiyosikizwa huchosha. Sisi wa pwani tumepeleka malalamiko ya ardhi kwa adabu tangu enzi za babu zetu. Tulikwenda hata mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, tukasema kwa utulivu. Ripoti yake ilikabidhiwa rais mwaka 2013, na mapendekezo mengi yangali karatasini. Kwa upande mwingine, Mswada wa Fedha wa 2024 ulirudishwa Bungeni bila kutiwa saini siku moja tu baada ya waandamanaji kuingia Bunge na watu kupigwa risasi. Kijana akiyalinganisha mawili haya, ajifunze nini? Tusimlaumu kwa kupaza sauti ilhali wenye nchi wamemzoesha kwamba sauti ya chini haisikiki.

Nilichomjibu kijana

Nilimwita nikamwambia hivi: "Rais humdai sifa wala kukubali, na asikudanganye mtu. Sheria iliyopita kihalali utaitii, hata ukiipinga mahakamani na barabarani kwa amani. Adabu nayo utaishika, kwa sababu ni malezi yako wewe, si zawadi yake yeye. Ukimtaja vibaya mtu, wamvunja mamako aliyekulea kabla hujamvunja rais."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Na nikisema kwa adabu, wakaja kunichukua?"

"Hapo," nikamwambia, "mvunja heshima atakuwa si wewe. Na sisi wazee itatupasa tuje tusimame mlangoni pa kituo, si tukae barazani tukisema ulijitakia."

Siku ya pili alikwenda akamwomba radhi yule mzee kwa lile neno. Mzee akampa kikombe cha kahawa. Kisha kijana akauliza swali lake upya, lile la unga, bila neno. Safari hii mzee hakuwa na la kumkosoa. Alikaa kimya, akatikisa kichwa, akasema, "Hilo, mwanangu, hata mimi nataka kulijua."