Kisu Hakijinoi: Neno kwa Wazazi Wanaofundisha Watoto Nyumbani

Leo napenda kuzungumza na wazazi Wakristo wanaowasomesha watoto wao nyumbani. Huku kwetu Kinoo, kando ya barabara kuu iendayo Nakuru, si wengi, lakini wapo. Asubuhi gari la shule linapowachukua watoto wa jirani, wao hufungua vitabu juu ya meza ile ile waliyonywea chai. Watu huwauliza, "Je, mmekosa karo?" Na mama akibaki peke yake hujiuliza moyoni: Mtoto huyu ninamjenga au ninampotezea wakati?

Swali hilo si geni kwa wengine wetu. Mwezi wa Machi 2020, Serikali ilipofunga shule zote kwa sababu ya korona, kila nyumba iligeuka darasa. Masomo yalisikika redioni, na watoto wengi hawakurudi shuleni hata Januari 2021. Hapo ndipo wazazi wengi walipotambua kwamba kufundisha ni kazi.

Basi, jina la mahali petu litufundishe. Kwa Kiswahili, kinoo ni jiwe la kunolea kisu. Nina mambo matatu ya kusema juu ya jiwe hilo.

Kwanza, kisu hunolewa kidogo kidogo, tena kila mara. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 6, Musa aliwaagiza wazazi wa Israeli wawafundishe watoto mapenzi ya Mungu katika mambo yote ya siku, tangu kuamka hata kulala. Mkumbukeni Susanna Wesley, mke wa kasisi wa Epworth huko Uingereza. Alizaa watoto 19, wakaishi 10 tu. Kila mmoja alipotimiza miaka 5 alianza kusoma, saa 3 za asubuhi na saa 3 za alasiri. Zaidi ya hayo, kila mtoto alikuwa na zamu yake ya jioni ya kuzungumza na mama. Mmoja wao, John, aliyezaliwa mwaka 1703, ndiye aliyekuja kuongoza mwamko wa Wamethodisti, naye alibaki kasisi wa Kianglikana hata kufa kwake mwaka 1791.

Pengine wewe mama mwenye kuku, nguo za kufua na kibanda cha mboga huwezi kupata saa 6. Usife moyo. Saa 3 zisizokosa hata siku moja zafaa kuliko siku moja ya pupa na juma zima la kupumzika. Mayai ya kuhesabu na chenji ya soko la Kangemi, hayo pia ni hesabu.

Pili, anayenoa kwa hasira humaliza kisu. Katika Waefeso 6:4 mtume Paulo awaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Mtoto wa shuleni akikemewa na mwalimu, hurudi nyumbani akafarijiwa na mama. Lakini mtoto wako wewe atakimbilia wapi, ikiwa mwalimu na mama ni mtu mmoja? Akikosea hesabu saa 4, asikose uso wa mama saa 6 wakati wa chakula. Mkichoka, fungeni vitabu, mwende shambani. Nanyi akina baba, onyo lile mliandikiwa ninyi. Urudipo kutoka mjini, keti dakika 20 usikilize mtoto akisoma. Mzigo huu usiwe wa mama peke yake.

Tatu, kisu hakijinoi. Mithali 27:17 yatukumbusha kwamba chuma hupata makali kwa chuma kingine. Wako wazazi wanaomweka mtoto nyumbani kwa kuuogopa ulimwengu tu. Hofu si mwalimu mwema. Bwana wetu alilelewa nyumbani kule Nazareti, hata hivyo alipokuwa na miaka 12 aliketi kati ya walimu hekaluni akiwasikiliza na kuwauliza. Mpeleke mtoto Shule ya Jumapili. Acheze na watoto wa jirani. Mwombe mwalimu mstaafu wa kanisani mwenu amsaidie pale wewe unaposhindwa.

Hapa niseme wazi jambo la sheria. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Asiyefanya hivyo aweza kushtakiwa. Kwa hiyo usijifiche. Tafuta shauri la wakili na la ofisi ya elimu kabla hujaanza. Weka daftari la kila siku na kazi zote za mtoto. Uliza mapema ni kituo gani kitakachomsajili kwa mitihani, kwa maana siku hizi tathmini huanza tangu madarasa ya chini. Ukichelewa, atakayeumia ni mtoto.

Na ukiona umeshindwa, mpeleke mtoto shuleni bila aibu. Hukumfundisha ili majirani wakusifu. Timotheo alipokea imani iliyokuwa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, wala imani hiyo haikumtoka alipoliacha jiko la mama yake. Mtoto asomaye nyumbani na mtoto apandaye gari la shule, wote wawili wamhitaji mzazi anayeomba na kuishi anayoyasema.

Tuombe. Ee Baba, uwatie nguvu wazazi waliochoka leo. Uwape hekima ya kufundisha, na unyenyekevu wa kuomba msaada. Uwalinde watoto wetu, wa nyumbani na wa shuleni, wakujue wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.