Injini Ngeni Ndani ya 109

Wenye Land Rover 109 wakikutana, iwe Tanga mjini, Muheza au Korogwe, boneti hufunguliwa kabla salamu hazijaisha. Swali ni moja: injini ni yake, au imefungwa nyingine? Wapo wanaoamini kwamba 109 iliyotolewa injini ya kiwanda chake cha Solihull ikafungwa ya Toyota Hiace imekwisha kuwa gari jingine. Wapo wanaosema gari ni la kufanya kazi, na lililolala juu ya mawe kwa kukosa kabureta halina uasili wa kujivunia. Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi, na naona wanabishania mahali ambapo hatari haipo. Kwenye pwani yetu, kinachoua 109 ni kutu, na kinachoweza kuua abiria wake ni breki.

Wamarekani wana ubishi wa namna hii juu ya magari wanayoyaita hot rod. Miaka ya 1930 vijana wa California walichukua Ford kuukuu, wakang'oa madigadi, wakaitia injini makali, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Ford ya 1932 ikawaletea V8 ambayo mtu wa kawaida aliweza kuimudu. Mwaka 1955 Chevrolet ikatoa V8 yake, nyepesi na yenye nguvu, na zile za Ford zikaanza kung'olewa. Hadi leo kuna mafundi huko wasiokubali kifaa chochote ambacho hakikuwapo zama hizo, na kuna wanaoibakiza bodi ya 1932 juu ya injini inayoongozwa na kompyuta. Tunachotofautiana nao ni sababu. Wao walitafuta mwendo. Sisi tulitafuta spea na nafuu ya mafuta.

Injini ya petroli ya 109 ina cc 2,286, na ilidumu hadi kwenye Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Haina mbio, lakini inavuta kutoka chini bila kulalamika, na fundi mwenye spana chache, bisibisi na kipande cha msasa wa kusugulia platini anaweza kuiwasha porini. Katika hilo wapenzi wa asili wana haki kabisa. Lakini mwenye shamba la machungwa Muheza anahesabu kilomita 5 hadi 7 kwa lita, anahesabu na siku za kusubiri kabureta ya Zenith, kisha anatazama barabarani. Hiace zimejaa. Dizeli yake aina ya 3L, yenye cc 2,779, kila gereji inaijua. Simlaumu akichagua hiyo.

Tatizo huanza kazi inapoishia kwenye injini. Chukua breki. Buster ya breki hufanya kazi kwa nguvu ya kufyonza hewa. Kabureta ya petroli ina kilango ndani yake: ukiachia pedeli ya mafuta kilango hufunga, pistoni zinafyonza pasipo na hewa ya kutosha, na mfyonzo huo ndio unaoivuta buster. Dizeli hii haina mfyonzo wa namna hiyo wa kuilisha buster. Ndiyo maana Toyota waliweka pampu ndogo nyuma ya altaneta, kazi yake kuivutia buster hewa. Sasa nunua injini ya mtumba isiyo na altaneta yake, fundi akufungie yoyote aliyonayo stoo: taa zitawaka, betri itachaji, na gari litakwenda vizuri kwenye tambarare ya Pongwe. Utakapolipakia na kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kilomita 33 zenye kona juu ya kona, pedeli itakuwa ngumu kama jiwe, na breki zenyewe bado ni zile za ngoma, zinazopoteza nguvu zikishapata moto. Anayefunga injini ngeni bila kuifuata pampu hiyo hajamaliza kazi, hata kama gari linanguruma.

Shafti za nyuma nazo zina kikomo chao. Ekseli ya zamani ya Rover kwenye 109 inajulikana kwa kukata shafti hata chini ya injini yake mwenyewe. 109 za Series III zilipewa ekseli ya Salisbury, iliyo nene zaidi, na hiyo inavumilia. Difu zote mbili zina uwiano wa takriban 4.7 kwa 1, yaani gari limepangwa kuvuta mzigo, si kukimbia. Ukiweka injini yenye nguvu zaidi na kuiacha difu ilivyo, utapanda mlima vizuri, lakini kwenye lami ya kwenda Segera injini italia na mwendo hautaongezeka. Kisha kuna pleti ya kuunganisha injini na giaboksi. Mkerezaji akiikosea kwa sehemu ya milimita tu, bering ya shafti ya giaboksi itakufa mapema, na utaambiwa kosa ni la klachi.

Nirudi kwenye kutu, kwa sababu hapo ndipo pande zote mbili hudanganyika. Baada ya Vita vya Pili chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, hivyo bodi ya Land Rover ikatengenezwa kwa aluminiamu. Chesisi ilibaki ya chuma, ikiwa na uwazi ndani. Bodi ikikaa pwani miaka 50 inaweza bado kung'aa, huku chesisi iliyo chini yake inaliwa kutoka ndani, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Pikapu inayobeba samaki kutoka soko la Deep Sea, Tanga, inaumia zaidi, maana maji ya barafu na chumvi hupenya sakafu na kudondokea kwenye boriti ya nyuma. Tazama pia chini ya mlango, pale aluminiamu inapogusana na fremu ya chuma: utakuta unga mweupe, na ukiupangusa kwa kidole bati linabonyea. Maji ya chumvi yakiingia kati ya metali hizo mbili, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Kwa hiyo ninapoombwa ushauri na mnunuzi, boneti naiacha imefungwa. Naingia chini na nyundo ndogo, nagonga chesisi kuanzia vishikizo vya springi za mbele hadi nyuma kabisa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Nimeona 109 zilizofanyiwa matengenezo ya gharama kubwa, injini ya asili imesafishwa hadi inang'aa, zikiwa zimekaa juu ya viraka vilivyochomelewa juu ya kutu.

Tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, lilikusanya magari ya kila namna, ya asili na yaliyofungwa injini ngeni, kwenye msafara mmoja. Naupenda upana huo. Sharti langu kwa anayebadilisha ni kwamba asikate chesisi wala ukuta wa mbele ya dereva. Vishikio vya injini mpya vifungwe kwa bolti, ili siku moja mtu aweze kuirudisha ya zamani. Na hiyo ya zamani isipelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Iwekwe juu ya mbao, mafuta kidogo yamiminwe kwenye kila silinda, plagi zirudishwe, matundu ya hewa na eksozi yazibwe, na kila mwezi izungushwe kwa spana ili ringi zisigande. Namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari tangu mwanzo. Ukifunga nyingine, peleka na kadi ikarekebishwe TRA kabla trafiki wa Segera hajailinganisha na kilicho chini ya boneti.