Amana ya Siku Moja

Kura haijihesabu. Hapana budi awepo mtu wa kuitoa sandukuni, kuisoma kwa sauti, kuiweka katika fungu lake na kuiandika katika fomu. Mtu huyo si waziri wala mkuu wa mkoa. Mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi, au mtumishi wa kata, au kijana aliyemaliza masomo na bado anatafuta kazi. Kwa siku moja hukabidhiwa amana ya kijiji kizima, na kesho yake hurudi kuwa jirani kama majirani wengine. Leo twapenda kusema machache juu ya msimamizi wa kituo cha kupigia kura, maana wengi wetu humkumbuka siku ya kumlaumu tu.

Natuchukue mfano wa Wilaya ya Rungwe, yenye halmashauri mbili, ya Rungwe na ya Busokelo. Ni nchi ya vilima, migomba na chai, na mvua za Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Chaguzi zetu za vijiji na vitongoji zimezoea kuangukia wakati ambapo mvua zimeanza: tarehe 14 Desemba 2014, tarehe 24 Novemba 2019 na tarehe 27 Novemba 2024. Yeyote anayepeleka masanduku kutoka Tukuyu kwenda Masoko, au kutoka Lwangwa kupanda Mwakaleli, ajue kwamba barabara ya udongo haisomi ratiba ya ofisini. Kituo kikichelewa kufunguliwa kwa saa mbili, mama aliyeacha mtoto mgonjwa nyumbani hurudi zake, na mkulima hurudi kwenye chai yake. Hakuna aliyewanyima haki yao kwa maneno, lakini wamekwisha kunyimwa.

Jambo hili si la kukisia. Oktoba 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya kurudi kwa vyama vingi, vituo vingi vya Dar es Salaam vilichelewa mno kufunguliwa na vifaa vikakosekana. Matokeo ya majimbo yote saba ya jiji yalifutwa, na watu wakapiga kura upya mwezi Novemba. Mwaka 2014, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, karatasi zilipungua au zilikosewa mahali kadhaa, na wakurugenzi kadhaa wa halmashauri wakapoteza vyeo vyao. Ikiwa mambo haya yaliwezekana katika jiji lenye lami na simu, itakuwaje katika kitongoji kilicho nyuma ya mlima?

Chaguzi zetu za chini ni za namna mbili. Diwani huchaguliwa pamoja na Mbunge na Rais, chini ya Tume ya Uchaguzi. Wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, pamoja na wajumbe wao, mwaka 2024 walichaguliwa chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI, katika vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 63,000 nchini kote. Kwa hesabu hiyo msomaji ataona jeshi la wasimamizi na makarani linalohitajika kwa siku moja, nalo halina budi kufundishwa lote kwa muda mfupi.

Je, hufundishwa nini? Kwanza huapa. Wale walio chini ya Tume huapa kutunza siri, na hutamka kuwa wamejitoa katika uanachama wa chama chochote cha siasa. Kisha huelezwa kazi yenyewe. Kabla ya kura ya kwanza, sanduku lifunuliwe mbele ya mawakala wa vyama, waone kuwa ni tupu, ndipo lifungwe kwa lakiri. Jina la mpiga kura litafutwe katika orodha, wala asirudishwe kwa sababu ya uvivu wa kupekua kurasa. Wazee, wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha wasisimamishwe mstarini. Saa ya kufunga ikifika, aliyekwisha kuwamo katika mstari apige kura yake. Mwishowe kura zihesabiwe hapo hapo, mawakala watie sahihi na kupewa nakala, na matokeo yabandikwe mahali pa wazi.

Maneno haya yote msimamizi huweza kuyakariri kwa nusu siku. Lakini mafunzo ya kusikia si mafunzo ya kutenda. Twafikiri pale Rungwe juu ya bibi kizee asiyejua kusoma, ambaye msimamizi wa kituo ni mwalimu wa wajukuu zake. Anamwambia kwa upendo, "Mwalimu, mwanangu, niwekee alama wewe, mimi macho yamekwisha." Hapo moyo wa mwalimu wavutwa na heshima, maana ni vigumu kumkatalia mzee. Naye hana budi kumjibu kwa adabu, "Bibi, mimi siruhusiwi. Mwite mtu wako unayemwamini akusaidie." Jibu hilo ni jepesi kuandikwa katika kitabu cha maelekezo, na ni zito kutamkwa mbele ya mstari wa watu wanaokufahamu tangu utoto. Ndiyo maana twasema mafunzo yafanywe kwa mazoezi, sanduku likiwa mezani, mmoja awe mpiga kura, mwingine awe wakala mkali, na fomu ijazwe mpaka hesabu zilingane.

Wazee wa TANU walilijua jambo hili. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na asiyechagua wote watatu kura yake iliharibika. Chama kililazimika kuwafundisha watu kwa subira, na ushindi ukapatikana. Mwaka 1965 wagombea wawili walioshindana jimboni walipewa alama za jembe na nyumba ili asiyejua kusoma asipotee. Kumbe hata zamani ilifahamika kuwa kura hulindwa kwanza kwa mafundisho.

Sasa twasema neno kwa wanachama wenzetu, wala hatulisemi kwa furaha. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani waliondolewa kwa sababu ya makosa ya kujaza fomu, vyama kadhaa vikajitoa, na katika vijiji vingi mgombea alibaki mmoja tu. Mwaka 2024 malalamiko ya namna hiyo yalisikika tena. Aliyefundishwa kukagua fomu afundishwe pia kwamba kosa dogo la kalamu si sababu ya kuwanyima wanakijiji nafasi ya kuchagua. Na machafuko ya Oktoba 2025, yaliyopoteza maisha ya watu, yametuonyesha kuwa imani ya wananchi ikivunjika hairudi kwa tangazo.

Kwa hiyo mwanachama asimwendee msimamizi usiku kumnong'oneza kuwa yeye ni "mtu wetu". Msimamizi akiwa mtu wa chama fulani, ushindi wenyewe unakuwa na doa, hata kama ulipatikana kwa haki. Mwenyekiti wa kijiji ndiye atakayeongoza mkutano wa kijiji juu ya ardhi. Neno lake litapokelewaje, ikiwa nusu ya watu hawaamini kuwa walimchagua?

Nazo halmashauri zina wajibu wao. Ziwateue wasimamizi kwa sifa, si kwa undugu. Ziwape siku za kutosha za mazoezi, ziwalipe posho yao kwa wakati, na ziwapelekee vifaa kabla mvua haijafunga njia. Uchaguzi wa vijiji hufanyika kila baada ya miaka mitano, na zamu ijayo ni mwaka 2029. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wasimamizi wa mwaka 2029 wamo miongoni mwetu leo, madarasani na katika ofisi za kata. Tuanze sasa kuwafundisha, na sisi wenyewe tujifunze kuwaacha wafanye kazi yao.