Rangi Zinazofichua Vijidudu vya Tumbo

Wengi wetu hapa Tarime na Serengeti tumewahi kuchomwa kidole ili tupimwe malaria. Tone la damu hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi iitwayo Giemsa, kisha mtaalamu huchungulia kwa hadubini. Rangi hiyo hiyo, iliyotengenezwa na mkemia Mjerumani Gustav Giemsa mwaka 1904, hutumika pia kumtafuta bakteria wa tumbo aitwaye helikobakta, ambaye ni chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Pilipili imelaumiwa mno!

Kwa kipimo hiki damu haitoshi. Mgonjwa humezeshwa mpira mwembamba wenye kamera, na daktari huchukua vinyama vidogo vya ukuta wa tumbo. Kwa wengi wetu hiyo ni safari ya hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Huko maabara vinyama hukatwa vyembamba sana, ndipo hutiwa rangi.

Rangi ya kawaida, himatoksilini na eosini, huonyesha vizuri hali ya nyama yenyewe: uvimbe, kidonda, hata dalili za kansa. Lakini bakteria wakiwa wachache ni rahisi kuwakosa. Giemsa huwaonyesha wakiwa bluu, tena kwa gharama ndogo. Iko pia rangi ya madini ya fedha, Warthin-Starry, inayowafanya kuwa weusi juu ya manjano. Ndiyo aliyoitumia daktari Robin Warren wa Perth, Australia, alipowaona mwaka 1979. Yeye na mwenzake Barry Marshall walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ila ni ghali na ina kazi nyingi. Kwa maoni yetu, ile ya kawaida pamoja na Giemsa zinatosha.

Rangi yoyote inaweza kuwakosa bakteria waliofifishwa na dawa. Kwa hiyo mwambie daktari kabla ya kipimo kama umetumia omeprazo katika wiki 2 zilizopita, au dawa za kuua bakteria katika wiki 4.

Kuna na kile kipimo cha damu cha haraka. Hicho hutafuta kinga za mwili, nazo hubaki miezi mingi baada ya bakteria kufa. Basi ukiambiwa "wapo" baada ya kumaliza matibabu, usikimbilie kununua dozi nyingine dukani. Ulizia kipimo cha choo. Lakini anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asingoje kipimo chochote, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.