Homa Isiyoisha kwa Mwenye Vali au Nyonga Bandia: Picha za Nyuklia Husaidiaje?

Mkazi aliyewekewa vali bandia ya moyo, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au nyonga bandia akipata homa isiyoisha, daktari hukabiliwa na swali gumu: je, bakteria wamejificha kwenye kifaa hicho? Bakteria wakishika chuma au plastiki hujifunika kwa utando ambao dawa huupenya kwa shida, na mara nyingi hulazimu kifaa kitolewe. Lakini kukitoa kumbe hakina maambukizi ni kumpasua mgonjwa bure.

Eksirei na CT huonyesha umbo, na chuma chenyewe huvuruga picha. Tiba ya nyuklia huonyesha kinachoendelea mwilini. Mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi kidogo. Chembe zinazopigana na maambukizi hula sukari nyingi, hivyo baada ya saa moja hivi mashine ya PET-CT huonyesha mahali ilipokusanyika. Nguvu ya mionzi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110.

Moyo nao hula sukari. Kwa hiyo anayepigwa picha ya moyo huagizwa kuacha ugali, chapati, viazi na vitu vitamu tangu siku iliyotangulia, ale nyama au mayai, kisha afunge kwa saa kadhaa. Kikombe kimoja cha chai ya sukari chaweza kuharibu safari nzima ya Nairobi. Mwenye kisukari, mjamzito au anayenyonyesha awaeleze wahudumu mapema.

Kidonda cha upasuaji wa karibuni pia hula sukari, ndiyo maana picha za miezi ya kwanza husomwa kwa tahadhari. Kipimo cha damu cha kutafuta bakteria bado hutangulia. Mgonjwa asinunue antibayotiki kwenye duka la dawa kabla ya damu kutolewa, kwani dawa huweza kuwaficha bakteria bila kuwamaliza.

Nchini, PET-CT hupatikana katika hospitali chache, zikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na Aga Khan jijini Nairobi. Mgonjwa huanzia hospitali iliyo karibu, akapewa barua ya rufaa. Abebe kadi ya kifaa chake, ajue tarehe ya upasuaji, na aulize kabla ya kusafiri SHA italipia kiasi gani.