NDOO SI NDOO: LIKIZO YANGU KISIWANI LAMU

Mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na katika mtihani wa mwisho wa kidato cha pili niliieleza nikapata alama zote. Waama, wakati huo nilijiona gwiji wa lugha. Wenzangu darasani walikuwa wameshanibandika jina la Kamusi, nami sikulikataa. Kumbe neno moja tu katika methali hiyo, lile la pili, lingenitoa jasho mbele ya bahari! Lakini nisidandie hadithi kabla ya kuifikia. Kwanza nikueleze, msomaji mpendwa, Lamu ni mji wa namna gani.

Likizo ya Desemba iliyopita, mjomba wangu ambaye amefanya kazi Lamu miaka mingi alituma nauli, akasema niende na mdogo wangu, kitindamimba wetu, mwenye umri wa miaka kumi. Tulipanda basi Mombasa tukapitia Malindi, Garsen na Witu, tukateremka Mokowe ambako bara inakomea. Njiani askari walitukagua si mara moja si mbili, kwa hivyo anayesafiri asisahau kitambulisho, hata kama ni cha shule. Kutoka Mokowe unapanda mashua ya injini, na kabla ya nusu saa kuisha unaona mji mweupe umejipanga ukingoni mwa maji.

Jambo la kwanza linalomshangaza mtu wa bara ni ukimya. Hakuna matatu wala honi. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba mno hivi kwamba ukikutana na punda aliyebeba mawe ya kujengea huna budi kujibana ukutani apite. Mimi nilifikiri ni umaskini wa nafasi. Mjomba akanicheka. Alinieleza kwamba kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita, na kwa kuwa nyumba zimesongamana, jua haliingii kichochoroni ila saa sita. Ndiyo maana hata Desemba, joto likiwa la kukaanga mayai, ukitembea humo unahisi ubaridi. Halafu vyumba vyenyewe ni virefu lakini vyembamba, hata mita tatu havifiki kwa upana. Sababu? Dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko haukubali kutoa boriti ndefu zaidi ya hapo. Yaani ni mti ulioamua ukubwa wa chumba, wala si fundi. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuweka mji huu katika orodha ya turathi za ulimwengu.

Jambo la pili ni kwamba watu hawana haraka. Wazee wameketi barazani, vijana wameketi juu ya ukuta wa forodhani, na nahodha aliyesema "tunaondoka sasa hivi" bado anakunywa kahawa saa mbili baadaye. Nikasema moyoni, hawa ni wavivu. Nakiri hapa mbele ya walimu wangu kwamba nilikosea, na kosa hilo nusura linigharimu.

Siku ya tano, siku mbili baada ya mwezi mpevu, mjomba alituruhusu kwenda Shela. Ni mwendo wa kilomita tatu hivi kando ya bahari. Tuliondoka saa tatu asubuhi. Maji yalikuwa yanatoka, mchanga umetanda mpana kama uwanja wa mpira, tukatembea tukiokota makombe. Ufuo wa Shela wenyewe ni ajabu ya Mungu: mchanga mtupu kilomita kadhaa, nyuma yake vilima vya mchanga, na mbele mawimbi yanayoingia moja kwa moja kutoka bahari kuu. (Usione vilima vile ukadhani ni vya kuchezea tu. Mvua ikinyesha hunywewa na mchanga ule na kuhifadhiwa chini yake, na visima vya hapo ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Ndiyo sababu wenyeji hukasirika wakisikia mtu anataka kujenga juu yake.) Tulicheza mpaka tukasahau chakula.

Saa kumi tukaanza kurudi kwa njia ile ile. Lo! Njia haikuwepo. Uwanja wetu wa asubuhi ulikuwa umemezwa wote, na maji yanapiga ukuta. Mtu mwenye akili angerudi nyuma akaulizia njia ya ndani, lakini mimi Kamusi nikasema tujikaze, ni hatua chache tu. Maji yakafika magotini, halafu kiunoni. Mdogo wangu yalimfika kifuani, na kila mashua ilipopita kwa kasi, wimbi lake lilimwinua miguu. Nikamshika mkono kwa nguvu, huku mkono wa pili ukiparuza ukuta usio na pa kushika.

Hapo ndipo mzee mmoja aliyekuwa katika dau dogo, hatua kama ishirini kutoka tulipo, akatupungia mkono na kupaza sauti: "Ndoo! Ndooni, wanangu, ndooni!"

Msomaji, nilitazama huku na huku. Ndoo? Nikadhani dau lake linavuja na anataka ndoo ya kukumbia maji. Nikamjibu kwa sauti, "Hatuna ndoo, babu!" Akarudia, "Ndooni!" Nami nikarudia, "Hatuna hata moja!" Tulibishana hivyo wakati maji yanapanda. Mwisho mzee aliona hapa hakuna la kungoja, akasukuma dau kwa upondo hadi tulipo, akamnyakua mdogo wangu kwa ukosi wa shati na mimi nikajitupa ndani kama gunia.

Nilipoacha kutetemeka nikamwambia, "Shikamoo babu." Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama kwetu watu hawaitwi. Nikamweleza habari ya ndoo. Alicheka mpaka akaweka upondo chini. Kumbe alikuwa akisema "njooni"!

Kuanzia hapo hadi forodhani alinifundisha zaidi ya nilivyojifunza muhula mzima. Kiamu, lahaja ya Lamu, kina taratibu zake. Pale sisi tunaposema nj, wao mara nyingi husema nd: njoo ni ndoo, njia ni ndia, njaa ni ndaa. Pale tunaposema ch, maneno mengi huwa na t: macho ni mato, kichwa ni kitwa, nchi ni nti, na kucheka ni kuteka. (Hebu fikiria ukiambiwa kwamba mtu amekuja akateka mpaka machozi yakamtoka!) Nayo j huwa y au hutoweka kabisa: moja ni moya, jana ni yana, na mji ni mui. Ndipo nikaelewa kwa nini barabara kuu ya mji wa kale huitwa Usita wa Mui, jina ambalo nilikuwa nimelipita kila siku bila kuuliza.

Nilimuuliza mjomba kwa nini basi hatufunzwi hivyo. Akasema mwaka 1928 wakoloni walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ndicho hicho cha vitabu vyetu. Lakini kabla ya hapo tungo nyingi kubwa ziliandikwa kwa lugha ya huku kaskazini. Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama huyo alimtungia bintiye mwaka 1858, umejaa maneno ya namna hiyo. Sisi tukiusoma darasani hulalamika kwamba ni lugha ya kale, kumbe kuna mzee anayeitumia kuita watoto watoke majini!

Sasa kuhusu maji. Huyo babu hakutukaripia, ila aliuliza, "Jana mlitazama mwezi?" Nikasema la. Akasema basi tusingejua. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, takriban saa sita kupanda na saa sita kushuka, na kila siku huchelewa kwa kama dakika hamsini, kwa sababu yanaufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na hapo maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mvuto hugawanyika, tofauti ikawa ndogo, na hayo ndiyo maji mafu. Kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, mtu anayejua leo ni tarehe ngapi ya mwezi huo anajua pia bahari itafanya nini: mwanzo na katikati ya mwezi ni bamvua, tarehe saba au nane na ishirini na mbili hivi ni maji mafu. Siku za bamvua pwani yetu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Tulikuwa tumekwenda na kurudi saa mbaya kuliko zote!

Basi yule nahodha wa kahawa hakuwa mvivu. Mashua za kwenda Pate hupitia mlango mwembamba wa Mkanda, ambako maji yakipwa chombo kitakwama matopeni. "Sasa hivi" yake maana yake ni maji yakitosha. Kumharakisha ni kama kumwambia dereva aendeshe basi barabara haijaletwa.

Siku zilizobaki nilikuwa nikiamka na kwenda forodhani kwanza, nikaangalia alama ya maji kwenye ngazi kabla ya kupanga lolote. Mdogo wangu hakuogopa bahari hata kidogo, ila tuliporudi nyumbani alisimulia kila kitu kwa mama, na siku ya kufungua shule akawasimulia pia majirani wote wa darasani kwangu. Jina la Kamusi limekufa. Siku hizi nikipita langoni naitwa Ndoo, nami huitika kwa Kiamu: "Naya!"