Gari Limegoma Kuwaka? Sikiliza Kabla ya Kununua Stata

Kabla Daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, ukitoka Sengerema kuja Mwanza kwa njia ile ulikuwa lazima upange foleni ya kivuko. Siku moja nilikuwa upande wa Busisi na shangazi yangu, ana kliniki Bugando. Tukazima injini, tukawa tunasikiliza redio. Kivuko kikafika, magari ya mbele yakaanza kusogea, nikapiga stata. "Tak." Basi. Nikarudia. "Tak."

Ndani ya dakika mbili tulishapata madaktari watano wa gari. "Stata imekufa hiyo." "Mafuta hayapandi." "Cheki plagi." Fundi mmoja akasema stata anaweza kuipata, laki mbili, ufundi juu. Shangazi akauliza tu, "Mwanangu, tutafika kweli?"

Kila jibu lile linawezekana. Tatizo ni kwamba ukianza kubadilisha vifaa kimoja kimoja, pesa itaisha kabla ya majibu. Kinachotakiwa ni swali linalofuta nusu ya majibu kwa mkupuo. Na swali la kwanza ni hili:

Injini inazunguka au haizunguki?

Kama inazunguka vizuri ("nyi-nyi-nyi-nyi") ila haishiki, betri na stata viache, vimefanya kazi yao. Injini ya petroli inataka mafuta, hewa na cheche kwa wakati wake. Angalia geji ya mafuta kwanza, usicheke, inatokea. Kisha washa swichi bila kupiga stata: kwenye magari mengi utasikia pampu ya mafuta ikivuma sekunde mbili hivi. Ukimya hapo unakuelekeza kwenye fyuzi, rilei au pampu yenyewe. Taa ya ufunguo ikiendelea kumweka kwenye dashibodi, huenda gari halijautambua ufunguo wako.

Kama haizunguki, kama yangu, plagi na mafuta havihusiki kabisa. Hapo madaktari wawili kati ya wangu walishafutwa.

Sasa washa taa kubwa, piga stata, tazama

- Taa zikifa au kufifia sana: betri imeisha, au umeme unakwama kwenye viungio vyake.
- Taa zikibaki kali na kimya kabisa: umeme hauifikii stata. Hakikisha gia iko P au N, kisha angalia swichi na rilei.
- Taa zikibaki kali na kuna "tak" moja: hapo stata inashukiwa kweli.

Taa zangu zilikaribia kuzimika. Lakini redio ilikuwa inaimba vizuri tu! Betri nzima au mbovu?

Ohm anaingia foleni

Betri iliyojaa ina volti 12.6 hivi. Tuseme kati ya nguzo ya betri na kibano cha waya kuna uchafu wenye ukinzani wa omu 0.05, kitu kidogo sana. Redio inavuta kama ampea 1. Zidisha: volti 0.05 ndizo zinazopotea. Redio haina habari. Stata ya gari dogo inaweza kuvuta zaidi ya ampea 100. Zidisha tena: 100 × 0.05 ni volti 5, zimeishia kwenye uchafu! Stata inabakiwa na volti 7 na kitu, haiwezi kugeuza injini. Ndiyo maana "redio inaimba" si ushahidi kwamba umeme uko sawa.

Ukiwa na multimita, weka ncha moja juu ya nguzo, nyingine juu ya kibano chake, mwenzio apige stata. Kiungio kizima kitasoma karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, umempata mwizi.

Mimi sikuwa na mita. Nilifungua boneti, nikashika kibano cha chanya: kinacheza, na kimeota unga mweupe wenye ubuluu. Nikaazima spana namba 10 na kipande cha msasa. Fungua hasi kwanza, halafu chanya. Kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Unga ule usiushike na kugusa macho, una asidi. Na mwenye sigara akae mbali, betri hutoa haidrojeni, na hiyo hulipuka.

Nikakwangua, nikakaza, nikapiga stata. Likawaka mara ya kwanza. Kivuko kilishatuacha, tukapanda kilichofuata. Kliniki tulichelewa, lakini shangazi alionwa. Stata ile "iliyokufa" ndiyo iko kwenye gari mpaka leo.

Foleni ya kivuko imeisha, ila gari linaweza kukugomea hata Buzuruga au Igoma saa mbili asubuhi. Fundi akikwambia kifaa kimekufa, muulize kwa heshima: "Fundi, umejuaje?" Fundi mzuri atafurahi kukuonyesha.